Kuhamisha Si Kuhifadhi



Hapana nyumba siku hizi isiyosikia malalamiko ya simu iliyojaa. Baba ataka kupokea picha ya mjukuu aliyezaliwa mbali, simu yamwambia hapana nafasi. Binti ataka kuweka programu ya masomo yake, aambiwa afute kitu kwanza. Naye kijana wa nyumba, ambaye ndiye tuliyemfanya fundi wetu sote, huja na dawa yake ya siku zote: "Nunueni memori, tuhamishie programu huko." Dawa hii ni nzuri ikitumiwa mahali pake. Lakini sisi tuliitumia bila ya kuijua, na nusura tuingie katika hasara ambayo fedha isingaliweza kuilipa. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wenzetu yaliyotupata, huenda nyumba nyingine ikasalimika.

Marehemu baba yetu alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani, mjini Tanga, kwa zaidi ya miaka 40. Tangu ujana wake ada yake ilikuwa kuandika vipimo vya wateja katika daftari kubwa lenye jalada gumu, na upande wa nyuma wa daftari hilohilo akiandika madeni: anayodai na anayodaiwa. Macho yake yalipoanza kudhoofika, na maandishi yake mwenyewe yakawa hayasomeki, mjukuu wake mmoja alimfundisha kurekodi sauti katika simu. Jambo hili lilimfurahisha sana. Mteja akisimama mbele yake, yeye alivuta utepe na kusema kwa sauti, "Bega 18, mkono 24, urefu 56," na simu ikishika yote. Usiku, baada ya isha, alikuwa akikaa peke yake kitandani akiiambia simu hesabu za siku ile. Daftari likaingia sandukuni.

Simu yenyewe ilikuwa ya bei nafuu, aliyonunua mwaka 2017, yenye nafasi ya GB 16. Wanunuzi wengi hudhani kwamba nafasi hiyo yote ni yao, lakini sivyo. Mfumo wa simu, pamoja na programu ilizokuja nazo kutoka kiwandani, huchukua sehemu kubwa kabla mwenye simu hajaweka hata picha moja.

Mwaka 2019 tulikwenda kumzuru siku za Idi. Asubuhi ya kurudi kwetu, hali mizigo imekwisha kufungwa, alituita akasema, "Mwanangu, simu hii yanikatalia kurekodi. Yasema imejaa." Tuliifungua tukatazama. Tulikuta humo video za harusi za watu asiowajua, picha za maua zilizoandikwa salamu za asubuhi, na mawaidha yaleyale yaliyoletwa mara tano na vikundi vitano. Ingalitosha kukaa naye kwa saa 1, tukafuta yasiyo na maana na kumwonyesha njia ya kuyazuia yasijiweke yenyewe. Hatukufanya hivyo, kwani tulikuwa na haraka ya basi. Tulikimbia sokoni tukanunua kadi ya GB 32, tukaitia katika simu, tukaiamuru simu ihamishie kila kinachohamika.

Hapa hatuna budi kueleza kadi hii ni kitu gani na kuhama kwenyewe kukoje, kwani kosa letu lote lilitokana na kutojua hayo.

Kadi hii ya kumbukumbu ina urefu wa milimita 15, upana wa milimita 11 na unene wa milimita 1, nayo ni nyepesi hata yaweza kupotea katika mkunjo wa kanga. Ndani yake hamna kitu kinachozunguka wala kinachotembea. Yahifadhi mambo kwa chaji za umeme zilizofungiwa katika vyumba vidogo sana, nazo hubaki hata kadi ikiondolewa katika simu. Namna hiyo ya kumbukumbu ilibuniwa na mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, katika miaka ya 1980, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba.

Simu za Android zilianza kuruhusu programu kukaa katika kadi kwa toleo 2.2, mwaka 2010. Lakini wakati huo kilichohama kilikuwa mwili wa programu tu. Kumbukumbu za mtumiaji, na sehemu nyingine zinazohitajika mara kwa mara, zilibaki katika simu. Ndiyo sababu watu wengi walihamisha programu kumi wakashangaa kuona nafasi iliyopatikana ni haba. Walikuwa kama mtu aliyetoa kitanda chumbani akakipeleka stoo ya uani, akayaacha masanduku yote palepale.

Mwaka 2015, kwa toleo 6, ilikuja njia nyingine. Tangu hapo, simu zilizo na njia hiyo humuuliza mwenyewe anapotia kadi mpya: je, wataka kuitumia kama kadi ya kubebeka, au kama hifadhi ya ndani ya simu? Maneno haya mawili yaonekana madogo, lakini tofauti yake ni kubwa.

Kadi ya kubebeka ni kama kikapu. Watia humo picha, nyimbo na vitabu, kisha waweza kuitoa ukaitia katika simu nyingine au kompyuta, na vitu vyako ukavikuta. Lakini programu hazihamii humo kwa njia hii mpya. Ukichagua hifadhi ya ndani, simu huifuta kadi yote, huiandaa upya, na tangu hapo huandika kila kitu kwa maandishi ya siri ambayo ufunguo wake umo ndani ya simu ileile peke yake. Programu zaweza kuhamia humo, na picha na rekodi nazo huhamishiwa humo ukikubali. Kadi hiyo sasa si kikapu tena, bali ni chumba kimoja katika nyumba ya simu hiyo. Ukiitia katika simu nyingine haisomeki. Jambo hilo lilifanywa kwa nia njema, ili mwizi akichomoa kadi asipate siri za watu. Lakini kufuli halimjui mwizi wala mwana. Humjua mwenye ufunguo tu.

Si simu zote zilizopewa njia hii, kwani baadhi ya watengenezaji hawakuiweka, na simu nyingine, kama iPhone, hazina hata tundu la kadi. Wala si programu zote hukubali kuhama. Aliyeitengeneza programu ndiye huamua kama yaweza kukaa nje au la, na zile zinazotakiwa kuamsha watu kwa saa maalumu hazifai kuhamishwa hata zikikubali.

Hili la mwisho tulilijua kwa mwalimu mkali. Programu ya nyakati za sala ya baba yetu ilikuwa imekubali kuhama, nasi tukaihamisha pamoja na nyingine. Wiki mbili baadaye alitupigia simu akasema, "Mmeifanya nini simu yangu? Jana usiku ilizimika, nikaiwasha, na alfajiri haikuadhini." Sababu yake ni kwamba simu inapowaka huamka yenyewe kwanza, na kadi huamka nyuma yake. Programu iliyo katika kadi yaweza kukosa ile habari ya kwamba simu imewaka, na saa ilizopangiwa kulia zikawa zimefutika. Tulimwelekeza, akairudisha programu ile katika simu, na tatizo likaisha. Tulicheka pamoja naye siku ile, tusijue kwamba lilikuwa onyo la kwanza.

Baba yetu alifariki mwaka 2022, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku ya tatu ya matanga alikuja mzee mmoja mwuza vitambaa, mtu mpole aliyefanya biashara naye tangu sisi tu watoto. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia ami yetu kwa sauti ya chini, "Bwana, sikuja kudai. Nataka mjue tu kwamba palikuwa na kitu kidogo baina yangu na marehemu." Ami akamwuliza ni kiasi gani. Mzee akajibu, "Wallahi sikumbuki sawasawa. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu, nami nilimwamini."

Daftari lilitolewa sandukuni. Ukurasa wake wa mwisho ulikuwa wa mwaka 2018. Mama yetu, ambaye alikuwa katika eda, alipopelekewa habari chumbani alisema, "Itazameni simu yake. Kila usiku nilikuwa nikimsikia akiisimulia."

Tulikwenda kuitafuta simu, tukamkuta kijana wetu ameishika pamoja na yake. Siku ile ya matanga alitaka kutufaa. Alikuwa amekwisha kuichomoa kadi katika simu ya babu yake akaitia katika simu yake mpya, ili azipate picha za marehemu awagawie jamaa. Akatuambia kwa huzuni, "Baba, kadi hii imekufa. Simu yasema haisomeki, yataka niiandae upya. Nikishaiandaa, nitaifuta na hii simu ya babu irudi kama mpya, apewe dada aende nayo shule."

Moyo wetu ulipiga. Tulikumbuka asubuhi ile ya mwaka 2019 na lile onyo lililotokea katika kioo cha simu, kwamba kadi hii haitafanya kazi katika kifaa kingine ila hiki, nasi tukabonyeza kukubali bila ya kulisoma mpaka mwisho. Kadi haikufa. Ilikuwa imefungwa tu, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya ile simu kuukuu iliyokuwa tayari kufutwa. Angalibonyeza neno la kuandaa katika simu yake, kadi ingalifutika. Angaliirudisha simu ya babu yake kama mpya, ufunguo ungalipotea, na kadi ingalibaki imejaa maneno ambayo hapana awezaye kuyafungua. Kila kimoja katika vitendo viwili hivyo kingalitosha peke yake, na kijana alikuwa amekusudia kuvifanya vyote viwili kabla ya alasiri.

Tulimwambia, "Usibonyeze kitu, mwanangu. Toa kadi taratibu, uirudishe ilikotoka." Simu ya marehemu haikuwa na chaji. Ilikaa katika umeme karibu saa nzima ndipo ilipokubali kuwaka, kisha ikakawia tena ikiitambua kadi yake. Ami yetu, ambaye hana mazoea na vitu hivi, alikuwa ameshika tasbihi akatazama ukutani.

Rekodi zilikuwamo, nazo zilikuwa mamia. Nyingi zilikuwa vipimo: mabega na mikono na viuno vya nusu ya mtaa. Tulianza na zile za mwisho tukirudi nyuma, na katika moja ya wiki ya mwisho wa uhai wake tukamsikia akisema polepole, kama mtu asomaye: amebakiwa na shilingi 185,000 za mwuza vitambaa, yuko mwalimu wa madrasa aliyeleta kitambaa cha kanzu na kulipa kabisa, nayo haijakatwa, yuko mjane mmoja aliyeacha 10,000 ya rubuni ya nguo za watoto. Alitaja kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake. Kisha akakohoa, akasema, "Basi," na rekodi ikaisha.

Kabla ya magharibi mwuza vitambaa alilipwa. Kitambaa cha kanzu kilipatikana juu ya kabati, kikarudishwa pamoja na fedha. Mjane alipopelekewa 10,000 yake alikuwa amekwisha kuisahau. Mama yetu aliomba rekodi ile iletwe chumbani, akaisikiliza mara moja tu, akasema, "Alhamdulillahi, ameondoka mwepesi."

Wasomaji wetu, tumeyafikiri mambo haya mara nyingi tangu siku ile. Tulipomhamishia baba yetu vitu vyake katika kadi, tulidhani tumevihifadhi. Kumbe tulivitoa mahali pamoja tukaviweka mahali pengine pamoja, napo ni dhaifu zaidi. Kabla ya hapo simu ikiharibika vingalipotea. Baada ya hapo vingalipotea simu ikiharibika, na vingalipotea kadi ikiharibika. Tuliongeza nafasi, na hatari tukaiongeza pia. Wazee wetu walisema akiba haiozi, lakini walikuwa na maana ya akiba ambayo mwenyewe huikagua. Kitu kilichoko mahali pamoja tu, ijapokuwa mahali hapo pana nafasi kubwa, hakijawa akiba bado.

Basi mwenye simu iliyojaa na aanze kwa kufuta. Aingie katika mipangilio ya simu, atazame ni kitu gani kilichokula nafasi. Mara nyingi ataona kwamba si programu, ila ni video na picha zilizoletwa na vikundi. Akishafuta, na bado nafasi ni ndogo, aitumie kadi kama kikapu, ahamishie humo picha na sauti, kisha anakili zilezile katika kompyuta ya ndugu au katika kadi ya pili itakayokaa kabatini. Akilazimika kuhamisha programu, ahamishe zile za mchezo na za kusoma, na zile za kuamsha, za fedha na za mawasiliano aziache katika simu. Achague kadi yenye alama ya A1 au A2. Alama hizi zilianza mwaka 2016 na 2017, nazo huonyesha kwamba kadi yaweza kuhimili kazi ndogondogo nyingi za programu: A1 kusoma mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde, na A2 kusoma mara 4,000 na kuandika mara 2,000. Kadi isiyo na uwezo huo huifanya simu nzima itembee kama mzee apandaye kilima.

Tena ajihadhari na kadi za bandia. Zimo masokoni kadi zilizoandikwa GB 64 au 128, na simu nayo huzisadiki, kumbe ndani yake nafasi ni ndogo mno. Ukishapita kiasi chake cha kweli, vitu vipya hupotea au hufunika vya zamani, na mwenyewe hana habari mpaka siku atakayovihitaji. Njia ya kuipima ni kuijaza yote siku ya kwanza kwa vitu visivyo na thamani, kisha kuvifungua kimoja kimoja. Na kadi iliyofanywa hifadhi ya ndani isichomolewe na mtu yeyote ila kwanza vilivyomo vimerudishwa katika simu. Tena yafaa watu wote wa nyumbani walijue hilo, kwani mchomoaji huwa ni mtoto au mjukuu mwenye nia njema.

La mwisho si la ufundi. Twajua sote kwamba Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, yatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi, na kwamba urithi haugawiwi ila baada ya kutekeleza wasia na kulipa deni. Baba yetu hakupuuza hilo. Macho yalimnyima kalamu, naye akatumia alichokuwa nacho. Waliokuwa na macho ni sisi. Ilikuwa juu yetu, kila tulipomzuru, kukaa naye na daftari lile, yeye akisema nasi tukiandika. Mali bila daftari huisha bila habari, na deni vilevile.

Daftari sasa liko kwetu, na kadi imo katika simu yake kuukuu, ambayo hapana aruhusiwaye kuifuta. Rekodi zote tumekwisha kuzinakili mahali pawili pengine. Kijana wetu aliuliza kama zile za vipimo zifutwe, maana wengi wa waliopimwa wamenenepa au wamekwisha kufa. Bibi yake akamwambia, "Ziache, mwanangu."

Wabillahi Taufiq.